Loji ya Ziwa Nakuru: lipia chajio na kiamshakinywa, chakula cha mchana kiache

Kwa loji iliyo ndani ya mbuga, jibu langu ni hili: chajio na kiamshakinywa vilipie kabla hujatoka nyumbani, chakula cha mchana usikilipie. Nimelala kwenye loji moja ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru na akina mama wa chama chetu cha Kisumu, wengine wakiwa na waume na watoto wao. Mimi ndiye mweka hazina, kwa hivyo kila shilingi ilipitia mkononi mwangu, na wiki mbili nzima kabla ya safari simu yangu haikupoa: tulipe milo yote, ama tulipe kitanda tu kila mtu ajinunulie? Jina la loji sitalitaja, maana nina lalamiko la maji ambalo nitalieleza, na wahudumu wenyewe walitutunza vizuri sana.

Ofisi yao ilinitumia bei tatu. Ya kwanza, kulala na kiamshakinywa. Ya pili, uongeze chajio. Ya tatu, milo yote. Kati ya bei ya pili na ya tatu palikuwa na tofauti ya shilingi 2,800 kwa kila mtu mzima. Elfu mbili na mia nane kwa chakula cha mchana! Pesa ya chama ni ya watu wanaouza omena, wanaoshona nguo, wanaolipa karo, na siwezi kuitoa kwa sababu tu karani amesema wageni wengi huchukua milo yote. Nikapiga simu kuuliza mtu akiagiza chakula cha mchana pale pale atalipa ngapi. Kuku robo na wali, 1,600. Supu ya siku na mkate, 700. Yaani hata njaa ikikuzidi ukaagiza kuku, bado umetumia kidogo kuliko aliyelipa mapema. Jioni mambo yanageuka. Usiku jikoni hawapokei oda, ni bufe peke yake, na mtu ambaye hakulipa mapema anatozwa 3,500 mlangoni, ilhali kwenye bei ya pili chajio ilikuwa imeongeza 2,600 tu.

Hata bei zingekuwa sawa, chajio ningelipia. Mageti hufungwa jioni, na giza likiingia magari ya wageni hayaruhusiwi kuzunguka mbugani. Nakuru iko karibu mno, taa zake unaziona ukiwa kwenye baraza ya loji. Ni jiji tangu Desemba 1, 2021, nyama choma iko kila mtaa, lakini wewe uko ndani ya ua wa umeme na huendi popote. Na tiketi yetu ilikuwa ya kuingia mara moja: ukitoka kwenda kula mjini, kurudi ni tiketi nyingine. Kwa hivyo mtu aliyelipia kitanda na kiamshakinywa peke yake, saa moja usiku hana pa kukimbilia ila ile bufe ya 3,500, ama alale na mandazi aliyobeba.

Chajio chenyewe kilistahili pesa yake. Kabla ya kulipa nilikuwa nimewaandikia ujumbe kwamba kati yetu yuko dada Mwislamu kutoka Kaloleni, tuna Wasabato, na mama mkwe wangu ana kisukari. Naomba kila mtu anayelipia chakula mapema afanye hivyo, na afanye kwa maandishi, kwa sababu ukishalipa huwezi tena kusema unaenda hoteli ya jirani. Tulipofika mpishi alitoka jikoni na ile karatasi ya ujumbe wangu mkononi, akatuzungusha kwenye bufe sufuria moja baada ya nyingine: hii nyama imechinjwa na Mwislamu, hii supu ina maziwa, hii ya pembeni ina nyama ya nguruwe na kijiko chake kisihamishwe. Akamgeukia mama mkwe: "Shosho, asubuhi utapata uji wa wimbi, hautiwi sukari." Ukaja kweli, kwenye kikombe chenye kifuniko, moto.

Nyama ya mbuzi ilikuwa imepikwa taratibu kwa tangawizi na dania hadi inaachana na mfupa yenyewe. Ugali haukuwa kwenye bufe siku ya kwanza. Tulipouulizia ukaletwa baada ya kama dakika ishirini, ule mgumu wa kukatwa kwa uzi, na jioni iliyofuata tuliukuta umewekwa tayari. Samaki sitamsifu. Alikuwa kipande cha mbuta kisicho na mfupa wala ngozi, kimefunikwa kwa mchuzi mweupe mzito. Sisi tumetoka ziwani, tunajua mbuta akiwa mbichi anavyonukia, na yule alikuwa amekaa kwenye barafu muda mrefu. Kula mbuzi.

Kiamshakinywa kinahitaji maelezo kidogo, maana ndicho kilichonifanya niamue juu ya mchana. Wanyama ni wa alfajiri. Saa kumi na mbili unusu gari letu lilikuwa tayari liko njiani, baada ya chai ya haraka ambayo loji inaweka kwenye baraza bila malipo ya ziada. Tulizunguka kando ya maji na kwenye msitu wa migunga hadi jua likawa kali na wanyama wakaingia vivulini, ndipo tukarudi. Meza ya kiamshakinywa inakaa wazi hadi saa nne. Saa tatu na nusu tuko mezani: mayai yanakaangwa mbele yako, maharagwe, viazi vitamu, soseji, matunda, mkate waliooka wenyewe. Watu walikula wakashiba. Sasa chakula cha mchana kinaanza saa sita na nusu na kuondolewa saa nane. Aliyenyanyuka mezani saa nne anarudi kula nini saa saba?

Shemeji yangu na mke wake walikuwa wamelipia milo yote, na sikuwapinga, wana vijana wawili ambao hawashibi. Lakini kuna swali ambalo kila anayelipia milo yote lazima aulize: hesabu inaanzia mlo upi? Loji nyingine huanza na chajio ya siku ya kufika na kumaliza na chakula cha mchana cha siku ya kuondoka. Hii yetu huanza na chakula cha mchana cha siku ya kufika na kumaliza na kiamshakinywa. Ukitoka Kisumu kwa Ahero, upande Kericho, upite Londiani na Mau Summit, kisha ukutane na malori yanavyoshuka Salgaa, huwezi kuapa utafika saa ngapi. Tulifika saa nane na robo. Bufe ilikuwa inafutwa meza. Shemeji aliomba chakula hicho kihamishiwe siku ya kuondoka, wakakataa, utaratibu hauruhusu. Watu wanne, mlo mmoja kila mmoja, umelipwa na haukuliwa.

Siku iliyofuata tulikuwa wote kusini, kwenye maporomoko ya Makalia. Ndani ya mbuga mwendo hauruhusiwi kupita kilomita 40 kwa saa, na ni sawa kabisa, nyati na swala wanavuka popote. Saa saba kasoro gari la shemeji lililazimika kugeuza ili wawahi chakula kabla ya saa nane. Sisi tulibaki, na si mbali na pale tukamkuta kifaru na ndama wake wanakula majani kando ya barabara, mama akituangalia kwa sikio moja, ndama akijificha upande wa pili na kuchungulia. Tulizima injini tukakaa. Hakuna aliyetazama saa. Wale vijana walisikitika sana walipoona picha, na mimi nilisikitika kwa ajili yao, kwa sababu wazazi wao walikuwa wamelipa pesa nyingi zaidi kuliko sisi. Loji inaweza kukufungia chakula cha mchana uondoke nacho, ila lazima useme usiku wa kuamkia siku hiyo, na ni sandwichi, yai, ndizi na kipande cha keki.

Sisi mchana tulikula vyetu. Chapati zilipikwa Kisumu zikawekwa kwenye hotipoti, mayai yakachemshwa, na parachichi, nyanya na ndizi tulinunua sokoni Nakuru kabla ya kuingia getini. Tulikula tukiwa juu kwenye jabali la Baboon Cliff. Jina la mahali hapo lichukulie kwa uzito, nyani wa pale wanajua mlio wa kifuniko cha hotipoti. Kula ndani ya gari, vioo vimepandishwa, na ufungie mabaki ndani kabla ya kushuka kutazama. Kutoka pale unaliona ziwa lote, na miti iliyokufa imesimama majini. Maji yamepanda mno katika miaka ya karibuni hata yakafika lilipokuwa geti kuu, na magadi yake yakizimuliwa hivyo ule mwani unaoliwa na heroe, wale ndege wa waridi (flamingo), hupungua. Tuliona heroe wachache, mstari mwembamba wa waridi upande wa mbali.

Sasa maji ya kunywa. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga za Kenya, zikiwemo chupa za maji, vikombe na sahani za kutupa. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Loji basi inauza maji kwenye chupa za kioo, shilingi 350 moja. Usiku wa kwanza wahudumu walifungua chupa hizo mezani petu wakitumiminia bila kuuliza, nasi tukanywa tukijua tumelipia chajio. Asubuhi ya kuondoka zikatokea kwenye bili, zote. Kwenye bei niliyotumiwa hapakuwa na neno kwamba maji yanalipiwa kando. Mtu akilipia mlo mapema, maji ya kumezea huo mlo ni sehemu yake, na nilimwambia meneja hivyo mbele ya wahudumu, kwa heshima. Alipunguza nusu. Nusu nyingine tulilipa, na bado naona haikuwa haki. Soda, juisi na chai inayoletwa nje ya muda wa mlo pia ni za kulipia, lakini hizo walikuwa wameziandika tangu mwanzo. Beba chupa zako za chuma na mtungi wa kudumu wa maji, uulize kuhusu maji ya mezani kabla ya kutuma hela.

Kwa watoto, wa chini ya miaka mitatu walikula bure na walio chini ya kumi na miwili walilipiwa nusu, hapo milo ya mapema ni nafuu hasa. Kwa mzee asiyetaka kuzungushwa na gari pia sioni ubaya wa kununua mchana, ila mama mkwe alibaki barazani siku nzima, akaagiza ile supu ya 700, na haikuisha. Bei waliyotutumia ilikuwa na VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 tayari ndani. Ukiona haijasemwa, uliza. Na bei ya raia inahitaji kitambulisho mkononi.

Jambo moja nililosisitiza kabla ya kulipa ni kwamba ankra iandike kitanda mstari wake na milo mstari wake. Karani alinung'unika, akafanya. Asubuhi ya safari mwenzetu mmoja aliamka na malaria, akabaki Kisumu. Kitanda hawakurudisha, tulikuwa tumechelewa mno kukifuta. Lakini chajio na viamshakinywa vyake vilikuwa na bei yake pale kwenye karatasi na hakuna aliyevila, na Jumatano iliyofuata pesa hizo zilirudi kwa M-Pesa, nikamtumia siku hiyo hiyo.