Kurekebisha rangi za tmux: .bashrc au .tmux.conf?

Rangi zinapopotea ndani ya tmux (programu ya kuendesha madirisha kadhaa ndani ya terminali moja), wengi huandika TERM=xterm-256color katika faili la .bashrc (mipangilio ya bash; TERM huziambia programu aina ya terminali), na mara nyingi rangi 256 hurejea papo hapo. Kasoro ni kwamba thamani hiyo hulazimishwa kila mahali, hata kwenye konsoli tupu ya Linux, huku programu zilizo ndani ya tmux zikipewa maelezo ya terminali nyingine kabisa. Njia ya pili, ambayo naiona bora, ni kuweka default-terminal (thamani ya TERM ndani ya tmux) kuwa tmux-256color katika .tmux.conf, faili la mipangilio ya tmux, na kuiacha terminali ya nje ijitambulishe yenyewe. Usumbufu hujitokeza unapoingia kwa mbali kupitia SSH kwenye seva ya zamani ambayo terminfo yake (hifadhidata ya maelezo ya terminali) haina jina hilo. Hapo thamani ya screen-256color hutosha, ingawa maelezo yake hayana herufi za mlazo.