TAHADHARI: Mzee anayeuza kempa zenye gereji ya bagi hapa Arusha, msimpe hata mia

Wadau wa Arusha na Moshi, hasa nyie wa mambo ya safari na wapenda porini, someni hii kabla hela haijatoka mfukoni. Kuna mzee anauza kempa trela, yale matela ya kulala yenye gereji nyuma, mlango ukiushusha unakuwa ngazi ya kupandishia bagi, vile vigari vya wazi vya porini, au gari, mkifika kambini mnashusha mzigo halafu humo humo ndani mnatandika vitanda. Picha zake zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na ni picha kali kweli. Nimepigwa milioni 19 na hapa naandika mikono inatetemeka, maneno yakigongana mtanisamehe.

Mimi nina bagi langu na nilikuwa na haraka ya tela la kulibebea, kwa nini, hayo siingii. Na wale wa grupu la ukoo mnaocheka kuanzia juzi, chekeni tu, ila yule mzee hata nyie angewala na mngemuaga kwa shikamoo.

Sikilizeni ilivyokuwa. Tumefika karakana kwake Kwa Mrombo, mimi na shemeji yangu ambaye kaendesha wageni miaka na miaka, sio mtu wa kudanganywa na rangi. Mzee katoka na ovaroli safi, nikampa shikamoo, "marahaba mwanangu, karibuni, mmetokea upande gani?" Nikasema Moshi, Kibosho. Akajishika kichwa. "Kibosho! Mama yangu mzazi katoka Kibosho!" Akaanza kutaja mapadri wa zamani, nani alimwoa binti wa nani, shamba la kahawa la nani liliuzwa, na anapatia jamani, anapatia mpaka jina la padri aliyenibatiza. Chai ya maziwa ikaja, chapati zikaja. Sasa wewe mtu wa rika la baba yako, anakuita mwanangu, kakulisha, utamwambia nini, baba lala chini ya tela unioneshe nati?

Na msiseme karakana ilikuwa ya kuigiza. Vijana wanachomelea, cheche zinaruka, Cruiser za kampuni ya utalii ziko juu ya mawe zinarefushwa chesisi, simu yake haikauki. Ungekuwa wewe ungeamini, usijifanye.

Tela lenyewe lilikuwa limepigwa rangi ya khaki, jiko la kuvuta kama droo, sinki, tangi la maji la lita 200, sola juu, magodoro bado yako kwenye nailoni. Mbele kuna kibati cha alumini kimeandikwa uzito wa mwisho kilo 3500. Akasema limetoka Afrika Kusini, ekseli mbili, breki za umeme, akatuonesha na waya unaotoka mbele na plagi yake mpyaa. Nikamwambia mzee wangu, mimi nina bagi la watu wanne, likiwa kavu ni kilo 700 na kitu, nikiweka mafuta na winchi na spea nipo 800, litabeba? Akacheka mpaka akakohoa. "Bagi? Mwanangu humu unaingiza hata Cruiser ya 79, ile pikapu, na unafunga mlango."

Nikaleta kubisha kidogo, hapo ndipo akanimaliza. Kapiga mluzi, vijana wake wote wakaacha kazi, akamwita mpaka yule wa mahindi ya kuchoma pale nje, wakapanda wanaume nane juu ya ule mlango wa nyuma ukiwa umeshushwa, akawaambia rukeni. Wakaruka! Mlango kimya. Wakaingia ndani wakaruka kwenye sakafu, sakafu kimya. Mzee kakunja mikono ananiangalia tu. Mimi nikatoa simu nikarekodi, nikamtumia mama watoto, nikaweka na status, nimeandika "Mungu ni mwema". Watu mia na kitu waliiona ile status, wengine mko humu humu na mliweka makopakopa.

Tukasali kabla ya kusaini. Ndiyo, alisali, tena kwa Kichaga. Milioni tano nikatuma kwa simu, jina likaja la mwanamke, akasema ni mke wake ndiye anatunza hela za karakana, nikaona sawa, hata kwangu hela anashika mama. Zilizobaki nikampa keshi siku ya kuchukua, na kuchukua tulichukua tupu, tela tupu linavutwa vizuri tu mpaka Moshi, hamna shida yoyote, nikampigia kumshukuru.

Tatizo tumelipata na mzigo. Tunaenda Natron, tumepita Kisongo, tumepita njia panda ya Monduli, barabara imenyooka inateremka kuelekea Makuyuni, nipo sabini hivi sio zaidi. Basi likanipita kwa kasi, ule upepo wake ukasukuma tela, na tela likaanza kuyumba kama mlevi wa mbege, kushoto, kulia, kila likirudi linarudi kwa nguvu zaidi na linavuta mkia wa Cruiser. Shemeji akapiga kelele usikanyage breki, na kweli ukikanyaga breki za gari peke yake pale tela linakusukuma na kukugeuza, unatakiwa ulegeze mafuta na ubonyeze breki za tela kwa mkono. Nikabonyeza kile kidude alichonifungia mzee. Hamna kitu. Nabonyeza, hamna kitu. Nikaacha mafuta, nikashika usukani tu, Mungu akatusimamisha pembeni ya barabara tairi moja likiwa kwenye nyasi. Kufungua nyuma, gurudumu la bagi limetoboa sakafu liko chini linaning'inia.

Fundi wa Makuyuni kavua dramu ya kwanza mbele yangu. Tupu. Hamna brekishuu, hamna sumaku, hamna springi, ni kutu na buibui. Ya pili tupu. Ule waya mzuri wenye plagi mpya tukaufuata chini ya chesisi, unaenda mpaka katikati halafu umekatwa, umezungushiwa seloteepu na kufichwa ndani ya bomba. Mtu kakaa chini akakata waya, akaufunga vizuri, akijua kabisa watu watapanda hilo gari na wageni na watoto. Kibati cha alumini riveti zake zinang'aa, yaani kimebandikwa juzi juzi tu, na fundi alipokwangua rangi kwenye kile kichwa cha kuunganishia na gari, kimegongwa kilo 1400. Sakafu ni plaiwudi juu ya engo nyembamba. Wale wanaume nane hawafiki hata kilo 600 na walitawanyika, bagi linakandamiza uzito wake wote kwenye vipande vinne tu vya sakafu.

Na kiini cha yote ni hiki: hiyo ilikuwa kempa ya kawaida, kaikata nyuma akaongeza kama mita moja na nusu ili bagi liingie, ekseli akaziacha palepale. Kwa hiyo bagi lote linakaa nyuma ya ekseli, nyuma inazama, mbele inanyanyuka. Uzito unaokandamiza ndoano ya gari unatakiwa uwe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa tela zima, langu likiwa na mzigo shemeji alilinyanyua mbele kwa mkono mmoja. Hapo lazima liyumbe, hata ungekuwa na dereva wa rali.

Nikampigia. "Mwanangu utakuwa ulizidisha mzigo." Nikamwambia we mzee, ulisema Cruiser inaingia! Simu ikakatwa, kuanzia hapo haipatikani. Karakana kahama, mwenye kiwanja naye anamdai kodi, zile Cruiser za utalii kumbe ni kazi za fundi mwingine, yeye kamkodishia nafasi tu. Kituoni nimepewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ila nikaambiwa hii inaonekana ni madai sio jinai, nenda mahakamani. Madai! Mtu kauza jeneza lenye magurudumu mnaniambia madai.

Huyu mtu afungwe. Na kabla hajafungwa anyang'anywe mashine ya kuchomelea, afungwe lile tela shingoni alivute kwa miguu toka Makuyuni mpaka Arusha mchana, na lile tangi la lita 200 lijazwe maji. Na yule mke wa milioni tano naye aje aseme hela ziko wapi. Nimeandika hayo nikiwa na hasira na sifuti.

Haya dalili, kwa anayetaka kununua kwa mtu yeyote. Angalia tairi, langu zilikuwa na namba ya uzito 91 ubavuni, hiyo ni kilo 615 kwa tairi, mara nne ni 2460. Nimelipeleka mizani ya godauni la nafaka Unga Limited, tupu peke yake ni 1940. Ongeza bagi 800 na maji 200 uone. Tarehe ya tairi nayo ipo, tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT, langu 3814, yaani wiki ya 38 mwaka 2014. Mtu akikwambia kempa yake inabeba Cruiser ya 79 ondoka hapo hapo, 79 yenyewe ni zaidi ya tani mbili, na gari lako la kuvutia kama ni Cruiser hiyo hiyo mwisho wake ni tani 3.5, na hiyo ni tela lenye breki, lisilo na breki ni kilo 750 tu. Namba ya chesisi ilinganishe na kadi, mimi kadi nilioneshwa kwa mbali ikarudi kwenye droo. Rangi mpya juu ya welding, mmh. Na nendeni na bagi lenyewe mkalipandishe pale pale, mzungukie mtaa mzima, msikubali watu waruke.

Anayejua alikohamia aje inbox, simu yangu iko wazi saa zote. Na kama ulishampa advansi na bado unasubiri tela lako nitafute leo, tuko watatu tayari, tukijaa tunarudi kituoni pamoja na zile dramu tupu ninazo kwenye gunia.