Daktari wa simu na kiu isiyokatika: ulipe lini, na uwe na nini mkononi

Kiu ya kupita kiasi ni shida inayomfaa sana daktari wa simu. Sehemu kubwa ya kazi yake ni maswali na tarakimu: maji kiasi gani, mkojo kiasi gani, tangu lini, dawa zipi, sukari ngapi. Ila wateja wengi hulipa kwa M-Pesa, hupokea simu mikono mitupu, na muda wote huishia kwenye sentensi moja: "Nenda maabara upime, kisha unipigie." Hapo umenunua karatasi ya maabara kwa bei ya daktari. Ukijiandaa siku mbili kabla, huduma hiyohiyo ina thamani ya kila shilingi.

Kuna wasiopaswa kupiga simu kabisa. Kiu ikiandamana na kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kina na kwa haraka, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, au usingizi usio wa kawaida, huyo ni mgonjwa wa dharura. Apelekwe kituo cha karibu chenye huduma hiyo, kwa Nairobi iwe hospitali ya Kenyatta, Mbagathi au Mama Lucy. Mtoto aliyeanza kunywa maji ovyo, anayepungua uzito, na aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani kisha akarudia, apimwe sukari siku hiyohiyo. Asisubiri miadi ya Alhamisi.

Huduma yenyewe huuzwa kwa namna tatu: kuandikiana, sauti na video. Kwa mtu mzima anayetembea na kula, sauti pamoja na picha zilizotumwa mapema zinatosha. Hakuna haja ya kuongeza pesa ili daktari auone ukuta wa sebule yako. Video ina faida kwa mtoto au mzee asiyeweza kujieleza, maana daktari huona anavyopumua, ulimi uliokauka na macho yaliyodidimia. Kuandikiana ndiko duni kuliko zote. Kila jibu kuhusu kiu huzaa swali jingine, na kila swali hungoja zamu yake.

Sasa maandalizi. Daktari akiuliza, "Unakunywa maji kiasi gani?" na jibu likawa, "Mengi tu, daktari," hajapata kitu. Chagua chupa moja ya nusu lita na unywe vyote kwa hiyo, uchore kijistari kila inapoisha. Chai, uji, soda na supu vihesabiwe pia. Usijizuie kunywa ili upate hesabu nzuri. Kipimo cha kumnyima mgonjwa maji kipo, lakini hufanywa hospitalini chini ya uangalizi, kwa kuwa mwenye tatizo la homoni ya kuhifadhi maji anaweza kukauka vibaya kwa saa chache. Nyumbani, kunywa kama kiu inavyodai.

Mkojo ni muhimu kuliko maji, na ndio watu huuonea haya. Sukari ya damu ikipanda kupita takriban 10 mmol/L, figo hazimudu kuirudisha yote. Humwagikia kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Kiu huja nyuma, kulipia maji yaliyopotea. Kwa mtu mzima, zaidi ya lita 3 kwa saa 24 ndipo madaktari husema mkojo umezidi. Anayekunywa lita moja na nusu na kukojoa lita moja huenda ana kinywa kikavu, si kiu, na hayo ni matatizo mawili tofauti. Njia rahisi ya kuyatenganisha: funda mbili zikikutosha, ni kinywa, ukimaliza chupa na bado unaitamani nyingine, ni kiu.

Kupima kunataka jagi la plastiki lenye alama za mililita na mtungi wa lita 5 uliooshwa vizuri. Jumapili ndiyo siku yake, hasa kwa anayeishi kwenye ploti ya choo cha pamoja, kwa sababu siku ya kazi huwezi kubeba mtungi ndani ya matatu. Saa kumi na mbili asubuhi kojoa na umwage. Huo ni wa usiku uliopita, hauhesabiwi. Kuanzia hapo kila mkojo upitie kwenye jagi, uandikwe, kisha umwagwe mtungini, ukiwemo wa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu. Kosa la kawaida ni kupoteza ule unaotoka wakati wa haja kubwa, basi anza na jagi kwanza. Ukipoteza mmoja, andika kwamba umepotea. Usikadirie. Andika pia umeamka mara ngapi usiku, na kama ulipoamka ulikunywa tena.

Kisha sukari. Kemisti nyingi za Nairobi hupima kwa tone la damu ya kidole, na hicho ndicho kipimo chenye faida kubwa kwa gharama ndogo katika shughuli hii yote. Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa: kidole kilichoshika embe hutoa namba ya juu ya uongo, na kilicholowa huzimua damu. Tone litoke lenyewe, kidole kisikamuliwe kama chuchu ya ng'ombe. Angalia tarehe ya mwisho ya vijiti vya kupimia, na kama kikopo chake kimekuwa kikiachwa wazi, omba kingine, maana unyevu huviharibu. Andika saa ya kipimo na saa uliyokula mara ya mwisho. Bila hiyo ya pili, namba kama 8.4 haimwambii daktari lolote la kutegemewa.

Kwa damu ya maabara, 7.0 mmol/L au zaidi baada ya kukaa bila kula kwa muda wa saa 8, au 11.1 au zaidi wakati wowote kwa mwenye kiu na mkojo mwingi, ni kiwango cha kisukari. Kipimo cha kidole hukuelekeza tu. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mashine ya nyumbani kukosea hadi asilimia 15 kwenye namba za juu, kwa hiyo ugonjwa huthibitishwa maabara. Mashine ikiandika HI badala ya namba, haikusalimii: sukari imepita uwezo wake wa kusoma, kwa nyingi ni juu ya 33.3. Nenda hospitali. Na kama mashine imetumwa na jamaa aliye Marekani, huenda inasoma kwa mg/dL badala ya mmol/L yetu. Gawa kwa 18. 126 yake ni 7.0 yetu. Usizimie ukiona 140.

Mwenye muda aombe maabara vipimo hivi kabla ya simu: sukari ya kufunga, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu), kreatinini (ya kuangalia figo), sodiamu, potasiamu, kalsiamu na mkojo. Kalsiamu husahaulika sana, ilhali ikizidi huleta kiu na mkojo mwingi huku sukari iko sawa kabisa. HbA1c nayo ina mtego: mwenye selimundu, upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata jibu la kupotosha. Mwambie daktari hilo kabla hajalisoma.

Dawa zote zipangwe mezani na kupigwa picha upande wenye jina na miligramu. "Ile nyeupe ya presha" haitoshi. Vidonge vingi vya presha vyenye herufi H baada ya jina vimechanganywa na dawa ya kuongeza mkojo, na Lasix kazi yake ni hiyohiyo. Prednisoloni na steroidi nyingine hupandisha sukari. Lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, huweza kuifanya figo ishindwe kuhifadhi maji. Piriton na amitriptilini hukausha kinywa tu. Taja dawa za kienyeji na vidonge vya kalsiamu, na kwa anayetumia ARV, ataje kama kuna dolutegraviri ndani, kwani imehusishwa na sukari kupanda kwa baadhi ya watu. Usiache dawa yoyote kabla ya kuongea na daktari.

Kuhusu anayeuza huduma: tafuta jina la daktari kwenye rejista ya mtandaoni ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, kabla ya kulipa. Uliza kama ada inajumuisha simu ya pili ya kusoma majibu. Isiyojumuisha, kwa shida hii, hugeuka ghali mara mbili. Uliza kama hutoa ombi la maabara na rufaa kwa maandishi. Majibu yatumwe kama faili kamili yenye jina lako, tarehe na vizio vya kila namba. Picha ya skrini iliyokatwa katikati haifai. Simu iwe na chaji, maana stima haingoji miadi, na kaa mahali ambapo jirani hasikii hesabu ya mkojo wako.

Daktari mzuri atauliza uzito wako wa sasa na wa miezi mitatu iliyopita, kama una mimba, kama kuna kisukari kwenye ukoo, na kama kiu ilianza polepole au ghafla, labda baada ya kuumia kichwa au kupasuliwa. Akikuandikia vidonge vya sukari bila kuona namba hata moja, usivinunue. Omba ombi la maabara na utafute mwingine.