Sarafu ya Maiti na Sarafu ya Mwaka Mpya

Wagiriki wa kale walikuwa na desturi ya kumtia maiti sarafu kinywani, kwa kawaida oboli, yaani sehemu ya sita ya drakma, ili amlipe Charon, mvushaji wa roho za wafu, nauli ya kuvushwa mto wa kuzimu. Warumi nao walikuwa na strena, zawadi ya Januari 1, na mwandishi Mrumi Suetonius anaeleza kwamba watu wa matabaka yote waliipeleka Capitolium, kilima cha mahekalu mjini Roma, kwa ajili ya kaisari Augustus hata alipokuwa safarini, naye akaitumia fedha hiyo kununua sanamu za miungu na kuziweka katika mitaa ya jiji.

Sarafu ya maiti haikuwa sharti, kwa kuwa makaburi mengi yaliyofukuliwa hayana hata moja, na aliyekuwa nayo alitosheka na ya thamani ndogo. Strena ilitolewa hadharani, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipoharibika: Caligula, kaisari wa baadaye, alisimama mwenyewe kwenye ukumbi wa mbele wa makazi yake kuipokea, na zawadi ikakaribia kuwa kodi. Charon hakuwa na tamaa hiyo, ingawa mwandishi Mgiriki Aristophanes, katika tamthilia ya kuchekesha ya mwaka 405 KK, alimtajia nauli ya oboli mbili.