Karakana ya Afande, Urambo: aliyetoka mbali ndiye anayeanza

Kwa anayetegemea baiskeli Urambo na vijiji vyake, hii ndiyo karakana ninayoipendekeza. Ipo upande wa stesheni, chini ya mwembe, kibanda cha mabati chenye ringi zilizotundikwa ukutani. Haina kibao. Ulizia "kwa Afande", hata mtoto atakuonyesha. Afande mwenyewe alifariki mwaka jana, na wengi wananiuliza kama bado panafaa kupeleka baiskeli. Panafaa sana, ila siwezi kuieleza karakana bila kumweleza yeye.

Mwezi uliopita nilipeleka Phoenix yangu, ringi ya nyuma inacheza na haba, yaani kitovu cha gurudumu, inalia. Mpwa wake, ambaye sasa ndiye fundi mkuu, aliipindua matairi juu, akashika chaki karibu na ringi na kuizungusha. Panapocheza, chaki inaacha alama. Hapo analegeza spoku za upande mmoja na kukaza za upande wa pili, kidogo kidogo, kisha anazungusha tena. Akafungua haba, akamwaga gololi kwenye kopo la mafuta ya taa, akazifuta moja moja, na zile zilizolika akanionyesha kiganjani kabla ya kuweka mpya. Akapaka grisi, akakaza koni, gurudumu likazunguka bila sauti. Mwisho akaipanda mwenyewe hadi relini na kurudi. Hilo ni sharti la Mzee, yaani Afande: baiskeli haitoki hapa mpaka fundi aliyeitengeneza ameipanda.

Sharti lake la pili sijaliona kwa fundi mwingine yeyote. Hapa hakuna foleni ya aliyewahi. Ukifika unaulizwa baiskeli umeikokota kutoka wapi, na aliyetoka mbali zaidi kwa miguu ndiye anayeanza. Mwenye duka sokoni aliyefika alfajiri anaweza kumpisha mrina asali aliyekokota baiskeli na madumu yake kutoka porini. Wageni hukasirika. Mzee hakubishana nao, aliwasogezea benchi.

Sharti hilo alitoka nalo vitani. Alikuwa kijana wa mgambo Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Idi Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Akachukuliwa, akafunzwa, akapelekwa Kagera. Daraja la Kyaka lilikuwa limebomolewa na majeshi ya Amin. Wakavuka Mto Kagera kwa daraja la muda, Mutukula ya mpakani ikatekwa Januari 1979, Masaka Februari, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Mzee hakuzitaja sana tarehe hizo. Alichosimulia ni mwendo: njia karibu yote walitembea, mzigo mgongoni, mvua ikiwanyeshea, na pale Lukaya kinamasi pande zote mbili za barabara. Kuhusu kupigana hakusema kitu, nami sikumuuliza. Kuhusu viatu na malengelenge aliweza kuzungumza mpaka chai ikapoa. "Nesi," aliniambia, akiniita kwa kazi yangu, "mtu aliyetembea mbali usimwambie asubiri."

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alifunga karakana, akavaa shati jeupe na kukaa nyumbani na redio yake. Alikuwa na wenzake waliozikwa Kaboya, kule Muleba. Siku hiyo hakushika spana hata ungemlilia.

Aliporudi kutoka Uganda, nchi ilikuwa imekaukiwa. Mwalimu alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18, na uhaba ukaendelea miaka. Tyubu, tairi, mnyororo, vyote vilipatikana kwa kujuana. Ufundi wake ulikomaa wakati huo, kwa sababu fundi asiye na vipuri analazimika kukijua chuma chenyewe. Alikata viraka kwenye tyubu zilizokufa. Tairi lililopasuka alilishona kwa waya mwembamba na kulivisha kwa ndani kipande cha tairi kuukuu. Fremu ya Swala, zile baiskeli zilizotengenezwa hapa kwetu, aliipa foki ya Phoenix na ikatembea. Mafundi wengi siku hizi wanajua kubadilisha tu, kifaa kikiharibika wanakutuma dukani. Hapa bado wanatengeneza.

Mimi ni nesi mstaafu wa zahanati ya kijijini. Kwa miaka mingi nilibeba deli la chanjo, sanduku la kuzitunza kwenye ubaridi, kwa baiskeli hadi vitongoji ambavyo gari halifiki, na karia za dukani zilikuwa zikilegea kwa mtikisiko. Afande alilipima deli kwa kamba, akanitengenezea karia ya nondo yenye kingo pande nne na mikanda ya tyubu, akaishusha kidogo ili mzigo usinivute nyuma kwenye mchanga. Karia hiyo imeshahama kutoka baiskeli ya zamani hadi hii ya sasa, na haijawahi kuchomelewa tena. Alinitajia bei ya nondo tu. Nilipotaka kuongeza, alisema watoto wake nao wamechanjwa.

Wakulima wa tumbaku aliwatengenezea kwa mkopo, wakalipa baada ya soko, na yote yakaandikwa kwenye daftari. Siku ya arobaini yake watu walikuja na pesa mkononi, wengine kwa madeni ambayo daftarini hayakuwemo kabisa. Mjane wake alitaka kuwarudishia, wakakataa. Leo Mama huyo ndiye anayeshika daftari na sanduku la pesa, na bei anayoitaja asubuhi ndiyo utakayolipa jioni.

Yapo ya kurekebisha. Kivuli cha mwembe huhama baada ya saa nane na wanaosubiri hubaki juani, wazee na wajawazito wakiwemo. Turubai moja lingetosha. Spoku wanazouza sasa ni laini na zinapinda mapema. Ukipata nzito Tabora mjini, nenda nazo, watakufungia bila kununa. Msimu wa masoko ya tumbaku baiskeli hujaa, na kazi ya siku moja inaweza kulala siku tatu. Halafu kuna kijana mpya wa kuziba pancha, ana haraka, hubandika kiraka solusheni ikiwa bado mbichi. Nilimwambia mpwa wa Mzee hapo hapo. Alikibandua kiraka, akamrudisha kijana kwenye msasa, akasimama naye mpaka solusheni ikakauka sawasawa, ndipo kikabandikwa. Bado namtaka amwangalie kwa karibu.

Pancha nililipa shilingi 1,000, kunyoosha ringi 3,000, kusafisha haba na gololi mpya 5,000. Wanapokea taslimu na pesa za simu. Wanafungua saa mbili asubuhi hadi magharibi, na Ijumaa husimama kwa swala ya mchana. Ukiwa umekokota baiskeli kutoka Ussoke au mbali zaidi, usikae nyuma kwa haya. Taja ulikotoka mara tu unapofika, watakupisha.