Kaunta yangu ya akriliki jikoni: fundi wa kwanza na wa pili

Kaunta ya jikoni kwangu ni akriliki nyeusi yenye vidoti vyeupe, na ngoja niseme mapema kabisa, nyeusi ni mateso, kila kisu kikipita kinaacha mstari mweupe, ningejua ningechukua rangi ya mchanga. Baada ya miaka minne ilikuwa imechoka vibaya, mikwaruzo kila kona, na kuna pete ya sufuria la maharage nililolitoa motoni nikalitua hapo moja kwa moja maana mtoto alikuwa analia, sijui niliwaza nini.

Fundi wa kwanza alikuja na grenda ile ya kung'arishia marumaru. Masaa mawili kamaliza, kapaka polishi, kaunta inang'aa kama kioo cha saluni, nikalipa 150,000 na soda juu. Jioni nawasha taa naona mizunguko mizunguko kama mtu kachora na kucha, alafu pembeni ya sinki maji yakawa yanatuama. Kumbe pana bonde! Aliikandamiza mashine sehemu moja muda mrefu akitafuta kuifuta ile pete. Akriliki sio graniti jamani, ni plastiki iliyochanganywa na unga wa madini, ikifika kama nyuzi 100 plastiki yake inaanza kulainika, sasa wewe uisimamishie grenda hapo hapo unategemea nini. Nilipompigia akasema eti bonde lilikuwepo. Haya.

Wa pili nilielekezwa na jirani. Kabla hata hajafungua begi ananiuliza, "Mama, hili jiko mnapikia au la wageni?" Nikacheka, ila lilikuwa swali la maana, kwa sababu alinieleza kwamba mng'ao wa kioo kwenye kaunta nyeusi ya kupikia haudumu, kila mkwaruzo utauona, bora umalizie kwa mng'ao mpole. Mume wangu akang'ang'ania kioo, tukakubaliana kipande kimoja tu karibu na dirisha kiwe kioo, kwingine kote mpole.

Alianza na msasa namba 120, akaenda 180, 240, 320, mpaka 400 (namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi), kwa ile mashine ndogo ya kutetemeka. Na hiki ndo kilichonifungua macho: kila akibadilisha namba anachora penseli juu ya kaunta nzima, anapiga msasa mpaka penseli iishe yote, anafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, anawasha tochi ya simu anailaza chini kabisa. "Usiangalie kwa juu mama, chuchumaa." Nikachuchumaa, kweli nikaona mistari ya msasa uliopita bado ipo, akarudia. Yani ukiruka namba moja, ile mistari mikubwa inabaki chini ya mng'ao na ndo ile mizunguko ya yule wa kwanza. Mwisho akapitisha Scotch-Brite, kile kipande kigumu cha kusugulia, yenye maji, basi. Pale penye bonde hakuligusa peke yake, alishusha eneo pana pole pole, na pete ikaondoka maana rangi imeenda mpaka ndani, sio kama formaika ukikwangua unakuta mbao.

Lawama yangu ni vumbi. Siku nzima vumbi jeupe laini kama unga wa ngano, na yeye wala hakufunika makabati, mchele nimeupepeta mara mbili. Na hakuja na mashine ya kunyonya vumbi, kwa bei ya 240,000 nilitegemea awe nayo. Kama unamuita fundi wa kazi hii toa vyombo vyote kwanza, na yeye avae barakoa.

Ila ukipitisha mkono sasa hivi, imelainika kama kiti cha mbuzi ya nazi kilichokaliwa miaka. Mikwaruzo midogo najifutia mwenyewe kwa Scotch-Brite na sabuni ya maji, nazungusha eneo lote sio kwenye mkwaruzo tu, la sivyo panabaki doa. Bizari nafuta papo hapo. Sufuria ya moto inakaa kwenye kibao, hilo halina mjadala tena.

Kile kipande cha kaunta chenye mng'ao wa kioo karibu na dirisha alikipandisha mpaka namba 2000 na polishi juu, watoto walikuwa wanajiangalia meno. Sasa ni mwezi wa tatu tangu amalize, kimejaa mikwaruzo, na mume wangu mwenyewe ndo kampigia fundi aje akishushe mng'ao.