Ukristo wa mazoea na ule wa Uamsho

Mkristo wa mazoea hakosi ibada: kabatizwa, kapata kipaimara, sadaka iko kwenye bahasha, macho yako kwenye saa. Kwa nje hana kasoro.

Mwaka 1929 mjini Kampala, Mkristo Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church wa misheni ya Gahini, Rwanda, walikutana wakiwa na kiu ya zaidi ya hapo. Uamsho uliofuata, yaani vuguvugu la Wakristo la toba na wokovu, ulifika Kenya na Tanganyika. Ndugu wa Uamsho walitubu waziwazi, wakarudisha walivyoiba, kisha wakakumbatiana wakiimba Tukutendereza, yaani “Tunakusifu” kwa Kiganda. Nao pia, tusifichane, wengine waligeuza ushuhuda kuwa desturi, maneno yaleyale kila wiki. Hata hivyo ningechagua ushirika wao: aliyerudisha jembe la wizi alilala usingizi, na jirani alipata jembe lake.